Daktari Anajibu: Uvimbe wa Baba Uko Duodeni. Ni Lazima na Kongosho Likatwe?

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni msomaji wenu wa Temeke, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu ana miaka 63, ni fundi wa makoti na suti, ana cherehani zake Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Kwa miaka mingi amekuwa akilalamikia kiungulia, na sisi tukawa tunamnunulia dawa za vidonda vya tumbo duka la dawa. Mwaka huu kaka akamlazimisha kwenda kupima kwa kamera. Vidonda hakuna. Ila wameona kinyama bapa kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu ya pili, ukubwa wa milimita 25. Wakachukua vipande, na majibu ya maabara yanasema ni adenoma yenye mabadiliko makali ya seli. Daktari wa upasuaji aliyemwona akasema dawa yake ni operesheni kubwa ya kutoa duodeni yenyewe, kichwa cha kongosho na mfuko wa nyongo. Baba hakusema neno. Kesho yake akaenda kazini kama kawaida, na sasa anasema hakuna atakayemgusa kwa kisu kwa sababu haumwi popote.

Binamu yetu anayesoma udaktari anasema Japani vinyama kama hiki wanavitoa kwa kamera ya mdomoni na matundu madogo ya tumboni kwa wakati mmoja, kongosho haliguswi. Mjomba naye anataka kiwanja cha Mkuranga kiuzwe, baba apelekwe India. Naomba kujua: hii ni saratani au siyo? Hiyo njia ya wataalamu wawili ni kitu cha kweli au ni mambo ya mtandaoni? Na kiwanja tuuze?

Binti Fundi, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu. Picha ya ripoti uliyotuma imenifikia, ila kidole gumba chako kimefunika mstari ninaouhitaji kuliko yote: ule unaosema kinyama kimekaa upande gani wa ukuta wa duodeni, na kiko umbali gani na tundu la nyongo, pale nyongo inapomwagikia kwenye duodeni. Ipige tena, iwe juu ya meza, mchana. Kwa sasa nitajibu kwa yale ninayoyaona, na mbele kidogo utaelewa kwa nini nakilaumu hicho kidole.

La saratani kwanza, maana najua ndilo linalowanyima usingizi. Adenoma ni uvimbe wa utando wa ndani ambao haujawa saratani. Ukisikia mabadiliko makali, ujue seli zimeharibika vya kutosha, zimebakiza hatua fupi, lakini bado zimefungiwa ndani ya utando. Hazijashuka kwenye tabaka za chini kwenye mishipa ya damu na ya limfu. Kwa karatasi hii, baba hajafika kwenye saratani. Hata hivyo, vipande vinavyong'olewa na koleo la kamera ni vya milimita mbili tatu, na huenda vimechukuliwa pembeni mwa penye shida yenyewe. Jibu kamili hutoka kinyama kizima kikiwa maabara, kimekatwa vipande vyembamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayewaambia mkiache kwa kuwa mzee haumwi. Vinyama vya namna hii haviumi. Kile kiungulia cha miaka yote yawezekana hakihusiani nacho hata kidogo. Kimemfikisha tu kwenye kamera, kwa bahati yake.

Halafu msikubali mtu mwingine amchokoe tena kuchukua vipande eti kwa uhakika zaidi, labda kama sababu imeelezwa mkaielewa. Kila jeraha la koleo huacha kovu chini ya utando, na kovu likishika, kinyama hakiinuki vizuri siku ya kukitoa. Wajapani wengi ni wakali kwenye hili. Wakikuta kinyama bapa kwenye duodeni hukikagua kwa kamera inayokuza, mara nyingi wakaamua kwa macho bila kukichokoa.

Sasa ugumu wenyewe. Duodeni ni sentimita 25 hivi za mwanzo wa utumbo mwembamba, imejipinda kukizunguka kichwa cha kongosho. Kwenye mfuko wa tumbo, yaani pale chakula kinapofikia, ukuta ni mnene na nafasi ipo. Mtaalamu wa kamera anageuka anavyotaka. Duodeni ni nyembamba, ina kona, sehemu yake kubwa imegandana na ukuta wa nyuma wa mwili mbele ya figo ya kulia, na misuli yake ni myepesi, kisu cha umeme kikiteleza kidogo tu kimetoboa. Chini ya utando wake kuna tezi zinazoitwa za Brunner, ambazo hufanya utando uwe mgumu kuinuliwa kwa maji ya sindano.

Yote hayo fundi mzuri wa kamera anaweza kuyashinda. Kinachomponyoka ni cha baadaye. Kila siku kongosho humwaga pale kama lita moja na nusu ya maji yake, na ini nalo humwaga nyongo, karibu vyote kupitia tundu moja lililo sehemu ya pili ya duodeni, sehemu hiyohiyo kilipo kinyama cha baba. Maji ya kongosho yameumbwa kuyeyusha nyama. Yakikuta kidonda kibichi kilichovuliwa utando, hayachagui. Kidonda kinaweza kutoka thieta kikiwa kizima, na siku moja au mbili au zaidi baadaye kikatoboka chenyewe. Hapo ndipo mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake anapojikuta ICU na tumbo limechafuka. Ninaposoma ripoti ya kazi iliyofanyika kwenye duodeni, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ukuta ulifungwaje. Namna kinyama kilivyotoka naisoma baadaye, nikiwa na chai.

Mwambie baba hivi, kwa lugha ya kazi yake. Koti lina kitambaa cha nje na lina bitana. Kinyama chake kimeota kwenye bitana. Fundi wa kamera anaingia kwa ndani, anafumua bitana palipoharibika na kukiacha kitambaa cha nje kizima. Lakini kitambaa cha koti hili ni hafifu, na kila siku linamwagikiwa na kitu kinacholila. Basi fundi wa pili anakaa nje, na kabla koti halijavaliwa anapiga mshono wa kukaza pale palipobaki pembamba. Binamu yenu hakudanganya. Hiyo ndiyo njia yenyewe.

Wenyewe huiita kwa kifupi LECS, na ya duodeni huitanguliza herufi D. Naoki Hiki na wenzake wa Hospitali ya Taasisi ya Saratani jijini Tokyo waliitangaza mwaka 2008, kwa ajili ya vivimbe vinavyoota ndani ya ukuta wa mfuko wa tumbo. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa yetu sisi wapasuaji: ukiwa nje na laparoskopia yako, ile kamera ya matundu madogo ya tumboni, huoni vizuri uvimbe unaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hiyo unakata tumbo kubwa kuliko inavyohitajika ili uwe na uhakika. Aliye ndani na kamera anauona mpaka. Wakakubaliana kukaa chumba kimoja. Baadaye duodeni ikaingizwa, na tangu 2020 bima ya afya ya Japani inailipia operesheni hiyo ya duodeni. Nataja bima kwa makusudi, kwa sababu umeniuliza kama ni mambo ya mtandaoni. Watu wa bima hawajulikani kwa kutoa pesa zao kwa mambo ya mtandaoni.

Mgonjwa anapewa nusu kaputi, analazwa chali, miguu imetanuliwa. Wa matundu ndiye anayeanza. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, utumbo mpana unashushwa, na duodeni inabanduliwa taratibu kutoka ukuta wa nyuma. Hatua hiyo ina jina la Kocher, Mswisi wa zamani, na ni ileile tunayoifanya kwenye operesheni za wazi. Utumbo wa mbele kidogo unabanwa kwa klipu laini ili gesi ya kamera isiteremke ikajaza matumbo yote, maana matumbo yakivimba wa matundu haoni kitu tena. Kisha kamera inaingia mdomoni. Kuna wakati taa ya laparoskopia inapunguzwa, na mwanga wa kamera iliyo ndani unaonekana kupitia ukuta wa duodeni, umekaa mahali penyewe. Mimi nimezeeka na kisu mkononi, lakini hatua hiyo bado naipenda.

Wa kamera anaweka alama kuzunguka kinyama, anadunga maji chini yake kiinuke, anakata mzunguko, halafu anachambua chini taratibu mpaka kitoke kipande kimoja. Duodeni ikimkwepa, wa nje anaisukuma au kuishika imkae sawa. Kinyama kinatolewa kwa mdomoni, na hilo nalo lina faida yake: seli mbovu hazipati nafasi ya kumwagika tumboni. Halafu wa nje anashona, sindano ikipita kwenye tabaka la nje na misuli, mshono ukikingama ili njia ya chakula isije ikabanwa. Wanapima kama panavuja, kwa gesi au kwa maji yenye rangi, wanaacha jirani mpira wa dreni wa kutolea maji, basi.

Wanaoniandikia hudhani ugumu wa mambo haya ni mashine. Mashine zinanunuliwa. Ugumu ni kuwapata watu wawili wa idara mbili, kila mmoja na ratiba yake na kiburi chake, wakakubali kusubiriana saa nzima ndani ya thieta moja. Wapasuaji tunawaona watu wa kamera kama wageni kwenye chumba chetu. Wao nao wanasema uvimbe ni wao, sisi tumeitwa kushona tu. (Wako sahihi.)

Sasa turudi kwenye kidole chako. Duodeni ina upande wa nje, ulio huru, na upande wa ndani uliogusana na kongosho. Kinyama cha baba kikiwa upande wa nje, mshonaji anafika bila shida. Kikiwa upande wa kongosho, hakuna pa kupitishia sindano kwa nje, kwa kuwa kongosho lenyewe limekaa pale, na faida kubwa ya njia hii inakuwa imepotea. Kikiwa kimeligusa tundu la nyongo, hiyo ni habari nyingine kabisa, yenye utaratibu wake na mirija yake. Na kikiwa kimezama chini ya utando, tezi za limfu huenda zimeshaguswa, na kutoa bitana peke yake hakutoshi. Mstari mmoja wa ripoti ndio unaotenganisha haya yote, na wewe umeuwekea kidole!

Hapo ndipo operesheni kubwa waliyowatajia inapopata haki yake. Inaitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeitangaza mwaka 1935, na kwa saratani iliyozama au iliyo kwenye kichwa cha kongosho ndiyo tiba, sina ubishi. Msimchukie daktari aliyeitaja. Huenda aliuona huo mstari ambao mimi sijauona. Lakini kama kinyama ni adenoma ya milimita 25, kiko upande wa nje na hakijazama, kumtolea mtu kichwa cha kongosho ni gharama kubwa mno kwa ugonjwa huo. Mpasuaji anabaki na viungo vitatu vya kuunganisha upya, kongosho, njia ya nyongo na tumbo. Kongosho huvuja mara kwa mara hata kwa mikono mizuri. Na wapo wanaobaki na kisukari. Najua wapo wenzangu watakaonipigia simu kwa aya hii. Karibuni.

Ipo pia njia ya tatu ambayo naona hakuna aliyewatajia: kufungua tumbo kwa kawaida, kuibandua duodeni, kuifungua, kukikata kinyama na ukingo wake, kushona. Haina jina la kuvutia na hutaikuta kwenye matangazo. Kovu lake ni refu, maumivu ni zaidi na kukaa wodini ni zaidi, lakini kongosho linabaki mahali pake na mpasuaji mzoefu wa tumbo anaiweza. Kwa mzee wa Temeke asiye na safari ya Tokyo, mimi ningeiuliza hii kabla ya kitu kingine chochote.

Tena msidhani Wajapani wote wanakubaliana kuhusu hiyo LECS. Wapo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Keio palepale Tokyo, walioonyesha kwamba kidonda cha duodeni kikifungwa chote kwa ndani kwa klipu za kamera, matatizo ya baadaye hupungua sana hata bila kushonwa kwa nje. Mabishano yao ni kidonda cha ukubwa gani na mahali gani kinafungika kwa klipu, na kipi kinahitaji sindano. Ripoti nyingi za kazi hizi zimekusanywa kwa kuangalia nyuma, kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa, na ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Kwa hiyo akija mtu kuwaambia njia yake ndiyo pekee, mpeni maji ya kunywa na mumsikilize kwa adabu tu. Kinyama kingekuwa cha milimita tano, kingenaswa kwa kitanzi cha waya asubuhi na mzee angerudi Kariakoo kesho yake, nami nisingeandika kurasa zote hizi.

Kiwanja. Msiuze wiki hii. Mkuranga inapanda bei na kinyama hiki hakitakimbia kwa wiki mbili tatu za kujipanga, ingawa hakistahili kusubiri mwaka. Kwanza baba apimwe na kamera yenye jicho la pembeni, kwa sababu ile ya kawaida inatazama mbele na tundu la nyongo mara nyingi inalipita bila kuliona vizuri. Apigwe CT ya tumbo yenye dawa ya mshipani. Na apimwe utumbo mpana kwa kamera, hata kama hana dalili, maana wenye adenoma ya duodeni huwa na vinyama vya utumbo mpana zaidi ya watu wengine. Haya yote yanafanyika Dar. Kisha ombeni jambo ambalo wagonjwa wetu huona haya kuliomba: jopo. Muhimbili wataalamu wa kamera wapo, wapasuaji wa matundu madogo wapo, watu wa radiolojia na wa patholojia wapo. Aga Khan hali kadhalika. Muombeni daktari wenu picha za baba zikawekwe mezani mbele yao kwa siku moja. Sehemu ngumu zaidi kupata ni mkono wa kamera uliozoea kuchambua ndani ya duodeni. Hata Japani duodeni hupewa waliokwisha kuiva kwenye tumbo la chakula na utumbo mpana.

Kama jopo litasema nje ya nchi, sawa, na hapo mjomba atakuwa na hoja. Ila iwe India au kwingine, ulizeni kwa simu kabla ya tiketi: mmeshatoa vinyama vingapi vya duodeni, si vya tumbo? Nani anaufunga ukuta, na kwa nini? Kikitoboka usiku wa tatu, mpasuaji yuko jengo hilohilo au anaitwa kutoka nyumbani? Jibu likiwa la brosha, tafuteni hospitali nyingine. Kama baba ana bima, ombeni majibu yao kwa maandishi. Na kwenye hesabu zenu wekeni siku za kubaki kule baada ya operesheni. Sitaki kusikia mzee amepanda ndege siku ya nne. Kamera ya marudio, kama miezi mitatu baadaye na nyingine baada ya mwaka, inafanyika hapahapa, hamna haja ya kuilipia nauli.

Akishafanyiwa, kwa njia yoyote ile, anayelala naye wodini aiangalie dreni. Maji mekundu hafifu yanayopungua kila siku hayana neno. Yakigeuka kijani ni nyongo, aitwe daktari saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane usiku na nesi amenuna. Vivyo hivyo homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, au maumivu ya mgongoni yanayoanza upya. Duodeni ikivuja kwa nyuma tumbo huweza kubaki laini likawadanganya. Chakula ataanzishiwa maji, kisha uji mwepesi. Msimletee supu ya pweza kwa huruma. Dawa za presha na asprini, kama anatumia, mtu wa nusu kaputi azijue mapema, na asiziache mwenyewe bila kuambiwa.

Mzee mwenyewe naona mmemzunguka watoto watano na mjomba, kila mtu na mtandao wake. Mwanaume wa umri huo akinyamaza si lazima awe amekataa. Mtafute rafiki yake wa rika, mmoja wa mafundi wenzake pale Sikukuu, waende wawili kwa daktari, ninyi mbaki nje. Aonyeshwe picha ya kinyama kwenye skrini. Ameambiwa atatolewa viungo vitatu kwa kitu ambacho hajakiona. Hata mimi ningerudi kwenye cherehani. Na umweleze mambo ya bitana. Nasubiri picha ya pili.

SWALI

Daktari habari. Nina miaka 27, naishi Tabata. Mama alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 41, na mama mdogo pia. Nilipopimwa nikakutwa na vinyama vingi sana kwenye utumbo mpana, hawakuweza kuvihesabu, na nimepangiwa operesheni ya kuutoa. Sasa wanataka kuniangalia duodeni pia. Shida yangu iko chini, kwa nini wanaenda juu? Nikikutwa navyo huko, hiyo ya kamera na matundu inanifaa?

JIBU

Pole kwa mama na mama mdogo. Wanaenda juu kwa sababu wanajua wanachofanya. Ugonjwa wa kurithi wa vinyama vingi vya utumbo mpana hutokana na hitilafu ya jeni iitwayo APC, na jeni hiyohiyo huotesha vinyama kwenye duodeni kwa wengi walio nao. Watu hawa wakishatolewa utumbo mpana, saratani ya duodeni inakuwa miongoni mwa mambo makuu yanayowaua. Kwa hiyo usikikimbie hicho kipimo.

Watakachokiona hupewa alama za Spigelman, mfumo wa mwaka 1989 unaohesabu idadi, ukubwa na aina ya vinyama, kuanzia daraja 0 hadi la IV. Daraja za chini huangaliwa kwa kamera kila baada ya miaka kadhaa. Za juu hutolewa, na daraja la IV huweza kufikisha mtu kwenye upasuaji mkubwa. Kutoa kimoja kwa kamera na matundu kunawezekana kikijitokeza kikubwa kuliko wenzake. Ila kwako wewe duodeni nzima ina tabia ya kuotesha, na kovu la operesheni moja litaisumbua inayofuata, kwa hiyo wataalamu husita kidogo.

Ndugu zako wa mama mmoja, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Wapime wakiwa bado hawana dalili. Ukipata watoto, hao nao. Upimaji huanza utotoni, kati ya miaka 10 na 12 hivi.

SWALI

Mama Daktari, shikamoo. Mimi mama lishe wa Kimara. Nimeambiwa nina kidonda kwenye hiyo duodeni na bakteria wa H. pylori. Shoga yangu anasema kidonda kikikaa kinageuka saratani. Ni kweli?

JIBU

Marahaba. Cha duodeni, kwa kawaida hapana. Kidonda cha mfuko wa tumbo ndicho tunachokiangalia kwa wasiwasi na kukirudia kwa kamera hadi kipone. Cha duodeni hatari yake ni kutoka damu, kutoboka au kuziba njia. Ukiona choo cheusi kama lami, acha sufuria uende hospitali. Dawa zako maliza zote kama zilivyoandikwa, hata ukipata nafuu siku ya tatu. Usipime tena H. pylori mapema: subiri angalau wiki nne tangu umalize antibayotiki, na wiki mbili bila omeprazo, kisha upime kwa kinyesi au kwa pumzi. Kile kipimo cha damu usilipie. Kinaweza kubaki chanya hata bakteria wakiwa wamekwisha kufa.